Vuta Pumzi, Zuia

Vua mkanda, Msabila, na funguo, na hiyo filimbi;
chuma hakiingii humu.
Anacheka kwa upande mmoja wa mdomo:
"Miaka thelathini na moja nimelala na chuma,
leo ndiyo unanitaliki nacho?"
Filimbi naiweka kwenye kisahani cha bati.
Bado inanuka grisi ya reli.

Fomu yake imekunjwa mara nne.
Maumivu ya mgongo, miezi minane.
Damu, gramu saba.
Figo zinasuasua.
Ubavu mmoja ulivunjika akipiga chafya.
Neno *chafya* daktari kalipigia mistari miwili,
wala hakuandika kingine.

Kabla yetu alipita kwa mchuaji wa Ng'ambo,
akasuguliwa mafuta ya nyonyo mpaka shuka likalowa.
Duka la dawa likampa vidonge vya waridi,
kisha dawa ya maji ya kuongeza damu, chupa tatu.
Na kila aliyemwona akiinuka kitini kwa awamu
alimwambia lilelile:
ni mataruma uliyobeba, kaka, kazi inadai chake.

Mimi Nshoma ni sauti tu ndani ya spika.
Vuta pumzi.
Zuia.
Meza inateleza, duara linazunguka na kunguruma,
taa za Tabora zinafifia kidogo, zinarudi,
namshukuru fundi wa jenereta kimoyomoyo.
Pumua.

Kwenye kioo anafunguka,
vipande vyembamba kama ganda la kitunguu,
mmoja juu ya mwingine, mia na mia.
Pingili ya tisa: tundu.
Ya kumi: tundu.
Ya kumi na moja imebonyea kama mkate uliokaliwa.
Nyonga, paja, hata fuvu,
matundu ya duara, safi, hayana kingo wala purukushani,
kama msumari wa moto umepita kwenye ubao laini.

Ndani ya mfupa kuna jiko, ndiko damu inakopikwa.
Nadhani humo kuna mpishi mmoja
aliyekataa kumaliza zamu;
amejizaa, amezaa tena,
wenzake hawana pa kusimama
na sasa wanakula ukuta.
Nadhani. Siandiki nadhani.

"Dada," anasema akiwa bado amelala,
"reli nzima ukiigonga nyundo inaimba.
Yenye ufa inajibu kama mtu mwenye mafua.
Nilikuwa natoka stesheni alfajiri, nagonga, nasikiliza,
hadi kule njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma.
Sasa wewe umenigonga.
Nimejibuje?"

Nikasema majibu anayo daktari.
Nikasema kwa haraka mno.
Akatikisa kichwa: "Eeh. Na sisi tuliandika kwanza daftarini.
Abiria hawaambiwi."

Korido, mkewe Nyanzala amekumbatia chupa ya chai.
"Imemtibu?"
Hapana, mama. Imemwona tu.
Inatuonyesha pa kuchoma sindano:
kesho watamtoboa nyonga, watavuta uboho,
tone zito, jekundu,
litapanda basi la Mwanza kwenye boksi la barafu,
na jina la ugonjwa litarudi wiki ijayo, au ile nyingine,
maana hadubini nayo ina foleni.
Mpaka hapo asibebe ndoo. Asiiname ghafla.
"Na akipiga chafya?"
Swali hilo sikulisomea chuoni.

Honi inalia upande wa stesheni.
Msabila anasimama kulia kwangu, anatega sikio:
"Ya Kigoma. Imechelewa saa mbili."
Anachukua filimbi yake, anaifuta kwenye shati,
kisha anagonga benchi la chuma kwa kifundo cha kidole,
mara moja, kama anayebisha hodi kwa jirani,
na kusikiliza
muda mrefu kuliko benchi linavyostahili.